Mpwa Wangu Mfupi na Mpira wa Kurushiwa

Nianze kwa kukiri ujinga wangu mwenyewe, ili msomaji asije akauvumbua akanicheka mimi sipo. Siku ya kwanza niliyomwona mpwa wangu akicheza mpira kule Marekani, kwenye kompyuta niliyoiweka juu ya meza ya kulia, alikuwa amesimama peke yake nyuma kabisa ya uwanja, kofia ngumu kichwani, anatazama juu. Ghafla akanyanyua mkono mmoja akaupunga. Na mimi nikasimama nikampungia. Nilipunga kwa mikono miwili, mtu mzima mwenye mvi na kikoi kiunoni, ukumbini peke yangu, machozi yananilenga. Kisha nikachukua simu nikaandika kwenye kundi la ukoo kwamba mtoto ametupungia mkono, kamera ilipomfikia tu ametukumbuka.

Dada yangu, mama yake, alijibu kwa ujumbe wa sauti ambao ndani yake mlikuwa na kwikwi tupu. Watu wa ukoo ambao hawajaniandikia tangu Idi wakaniandikia. Mmoja alisema mashaallah, wengine wakienda Ulaya na Marekani husahau hata jina la babu, lakini huyu anasalimia kwanza ndipo anacheza. Kwa wiki tatu nzima, kila Jumamosi, mimi na yule mtoto tukawa tunapungiana mikono, na mimi naripoti.

Wiki ya nne nikafahamu. Katika mpira ule wa Kimarekani, ule wenye umbo la yai, upande mmoja ukiupiga mpira juu kuwapelekea wapinzani, yule anayeusubiri ana ruhusa ya kupunga mkono. Maana yake: nitaudaka, lakini sitakimbia nao, basi msinipige. Akishapunga hapana mtu wa kumgusa, na yeye haruhusiwi kupiga hata hatua moja mbele. Kumbe mtoto hakuwa akitusalimu. Alikuwa akiomba asiguswe.

Kwenye kundi la ukoo sikulisahihisha hilo. Wakisoma hapa watajua.

Mpwa wangu huyu ni mfupi, na nalisema hilo kwa haki ya urithi, maana ufupi ameuchukua kwangu. Watu wa kwetu wote warefu. Mimi na yeye tulishonwa kwa kitambaa kilichobaki. Miaka miwili ya mwisho ya skuli alikaa kwangu, kwa sababu nyumba ya dada yangu iko nje ya mji wa Maskati, mwendo wa saa nzima kwa gari, na skuli yake ilikuwa karibu na fleti yangu. Alikuja na begi moja na godoro jembamba. Nikimtuma mkate, maji ya chai hayajachemka keshapanda ngazi na mkate mkononi, maana lifti aliiona inamchelewesha. Skuli walimtia kwenye mbio, akawa anashinda, analeta medali anazitundika kwenye kitasa cha mlango wa chumba chake, zinagongana kila mlango ukifunguliwa. Nikimlalamikia kelele. Sasa mlango ule ukifunguliwa haulii kitu.

Alipopata nafasi ya kwenda kusomea uhandisi Marekani, katika chuo kidogo kwenye mji ambao hata ramani huutaja kwa aibu, kocha wa mpira alimwona anakimbia uwanjani jioni moja akamwita. Hakumuuliza kama anaujua mchezo. Alimwambia: simama kule nyuma, mpira ukija udake, halafu kimbia usikamatwe. Na hiyo ndiyo kazi yake akawa nayo. Kila timu ina mtu wa namna hiyo, mwepesi, mara nyingi mfupi, ambaye huingia pale tu wapinzani wanapoupiga mpira mbali. Akishaurudisha mbele anavyoweza, hutoka akakaa benchi, wenziwe wakaendelea na mpira wenyewe. Kwa dakika zote za mchezo, yeye hucheza labda dakika moja.

Mimi nilimwona amefanana nami sana. Mimi pia ni mtu wa dakika moja. Elimu yangu ni ya sekondari. Nilikuwa karani wa majalada katika ofisi ya serikali, nikiletewa faili nalirudisha mahali pake, basi. Nilioa zamani, tukaachana kwa heshima, yeye akapata mume na mimi nikapata nafasi kabatini. Maskati nimekaa miaka zaidi ya thelathini, na Qantab, kijiji cha pwani cha hapa hapa, nimefika mara mbili, zote nilipelekwa. Ufuo wa Qurum nauona nikienda kwa daktari wa meno. Gari ninalo, tena naliosha kila wiki, kwa sababu katika mji huu gari chafu ni kosa la kutozwa faini. Haliendi popote, lakini linang'aa.

Kwa hiyo mtoto alipoondoka, iliyobaki ilikuwa Ijumaa. Kila Ijumaa saa kumi na moja jioni, kwake kukiwa asubuhi, alinipigia simu. Dada yangu hutaka ukoo wote uende kwake chakula cha mchana siku hiyo baada ya sala, na mimi nilikuwa na udhuru kwa kila wiki ya mwaka: goti, tairi, fundi wa bomba anakuja. Ukweli ni kuwa niliogopa simu itanikuta kwenye kelele za watu nisimsikie vizuri.

Jirani yangu wa mlango wa mbele ni mama mmoja wa Kitanzania, wa Bara, anayefanya kazi kwenye kituo cha watoto wadogo mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Kutwa ananyanyua watoto wa watu na kuwashusha, na jioni anarudi ameshika kiuno. Tulijuana kwa mbuzi ya kukunia nazi: alikuja kuazima yangu, akaishangaa ilivyo kavu, akaniambia hii mbuzi inakufa njaa. Tangu hapo ananitania na mimi namtania. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, yeye mwanamke anayekaa peke yake na mimi mwanamume ninayekaa peke yangu, basi tukajiwekea desturi bila kuizungumza: kwangu haingii. Huleta kigoda chake cha plastiki cha kukunja akakiweka koridoni, mimi naacha mlango wazi na kompyuta naigeuzia nje, kisha tunatazama mpira Jumamosi baada ya Isha, yeye kule na mimi huku, kizingiti katikati. Chai nampa kwa kunyoosha mkono. Watu wakitoka kwenye lifti hudhani namfundisha kompyuta.

Sheria za mchezo nilimweleza mimi, kwa makosa, na yeye akazifahamu vizuri kuliko nilivyozieleza. Siku mtoto alipokimbia na mpira kutoka mwisho wa uwanja hadi mwisho mwingine, alisema anakimbia kama aliyemwagiwa maji ya moto. Nikamjibu ni damu ya kwetu. Akanitazama nilivyokaa na mto nyuma ya mgongo na mto mwingine chini ya goti, akasema damu hiyo basi ilipita kwako haikushuka kituoni.

Sasa nije kwenye kosa kubwa, maana lile la kupunga mkono lilikuwa dogo tu.

Ijumaa moja, msimu ukiwa katikati, mtoto alinipigia sauti yake imejaa hewa. Kocha anataka kumjaribu kuwa mpokeaji. Nami nikauliza kwani sasa hapokei? Akacheka, akanieleza. Sasa hivi mpira anaoudaka unatoka kwa maadui. Wao ndio wanaoupiga, na yeye ameshaukabili, anauona unavyokuja na anaona uwanja wote mbele yake. Mpokeaji ni kitu kingine. Yeye hurushiwa mpira na mwenziwe. Huanza kukimbia njia waliyokubaliana, amempa mgongo mrushaji, na mpira hutoka mkononi mwa mrushaji kabla mpokeaji hajageuka. Unarushwa mahali patupu, kwa kuaminiwa tu kwamba wewe ukigeuka utakuwa umefika.

Lakini palikuwa na mambo mawili. La kwanza, wapokeaji wengi ni warefu. La pili, anayetaka kazi hiyo lazima akae chuoni kiangazi kizima afanye mazoezi na mrushaji, mpaka wajuane kwa hatua. Maana yake Maskati hatakuja.

"Mjomba, wewe ndiye unayeufuata huu mchezo," aliniambia. "Mimi mfupi. Niambie kweli, nitaweza?"

Nikamwomba wiki moja nifikiri. Nilijiona jaji.

Wallahi wiki ile nilifanya kazi kuliko miaka yote ya ofisini. Nilinunua daftari la skuli. Nilitazama video za wapokeaji wafupi asubuhi mpaka adhuhuri, nikirudisha nyuma, nikisimamisha, nikiandika. Na nikaona mambo. Mrefu hufaa kwa mpira wa juu pembeni, anaourukia akaunyakua juu ya vichwa vya watu. Mfupi hawezi kushindana huko, ataonewa. Lakini hapo katikati ya uwanja, kwenye msongamano, mipira haiji juu; inakuja kifuani, haraka, mita tano au sita, na hapo anayetakiwa ni mtu wa kugeuka ghafla, anayemwacha mlinzi amekumbatia hewa. Mlinzi akimkamata mwanzoni kabla hajaanza kukimbia, mfupi amekwisha. Kwa hiyo lazima ajifunze kuchomoka kwenye mikono. Atapigwa sana ubavuni. Na kuna jambo ambalo video haionyeshi: mtu aliyezoea kuuona mpira ukimjia toka mbali, je, anaweza kukimbia ameupa mgongo?

Hilo nikaamua kulijaribu mwenyewe.

Nilichukua chupa ya maji ya plastiki, nikaiviringishia taulo ikapata umbo la yai, nikafunga kwa utepe. Alhamisi alasiri nikabisha mlango wa jirani nikamwambia nnaomba anirushie. Hakuniuliza kwa nini. Aliniuliza tu kama nimekula. Koridoni kwetu pana hatua kama ishirini kutoka kwenye lifti mpaka dirishani. Yeye akasimama kwenye lifti. Nikamweleza: nitakimbia hatua saba, nitageukia kulia, lakini wewe urushe nikiwa bado nimekupa mgongo.

"Sasa nitamrushiaje mtu ambaye hata haniangalii?"

"Rusha pale nitakapokuwa."

"Na usipofika?"

"Ndiyo mchezo wenyewe, dada."

Mara ya kwanza chupa ilinipiga kisogoni. Mara ya pili nilichelewa, ikapita, ikagonga mlango wa mwisho. Akatoka Mhindi mmoja mpole anayekaa pale, akanitazama mimi na kikoi changu nilichokipandisha magotini, akaitazama ile taulo, akafunga mlango taratibu kama anayefunga chumba cha mgonjwa. Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Akasema niache, nitakufa kwa ajili ya taulo. Nikamwambia mara moja tu, ya mwisho.

Mara ya tatu nilihesabu hatua, saba, nikageuka, na kitu kikawa kimeshaingia mikononi mwangu. Sikukitafuta. Nilikikuta. Nilibaki nimekishika pale dirishani, napumua kama gari bovu. Sikumbuki mara ya mwisho mtu alinitupia kitu akiwa na hakika kuwa nitakuwepo.

"Kumbe anaweza," alisema jirani kutoka kule kwenye lifti, amesimama mikono kiunoni. "Kama wewe umeweza, mtoto ataweza."

Na mimi nilijua. Jioni ile ile niliandika kwenye daftari: anaweza, katikati, mipira mifupi, ajifunze kuchomoka. Nikaipigia mstari chini. Kisha nikaenda kunawa, na njiani nikapita chumba chake. Nilikuwa nimeshalitoa lile godoro lake jembamba, nikanunua jipya, nene. Wapakuzi wawili walilipandisha kwa lifti limesimama kama mgeni wa tatu. Lilikuwa limeegemea ukuta na nailoni yake, linangoja kiangazi. Nikalitazama. Nikazima taa.

Kesho yake alipiga saa kumi na moja kamili.

"Mjomba, umefikiri?"

"Nimefikiri. Mwanangu, wewe mfupi."

"Hilo nalijua."

"Warefu watakufunika. Baki na kazi unayoijua."

Nilisikia mtu anacheka nyuma yake, na mlango ukifungwa. "Sawa, mjomba. Nimesikia," akasema. "Basi kiangazi nnakuja."

"Karibu nyumbani kwako," nikamjibu, na sauti ilinitoka tamu kama halwa. Nikamwambia na habari ya godoro. Nikamwambia unene wake.

Jumamosi iliyofuata, mpira wa kwanza ulipopigwa, alisimama kule nyuma akapunga mkono. Wa pili akapunga. Jirani yangu, kigoda chake koridoni, aliuliza mbona hakuna mtu karibu naye, anaogopa nini. Nikasema labda ana sababu. Wa tatu akapunga, na mbele yake uwanja mtupu, hata mimi na goti langu ningekimbia. Mpira wa nne akaudaka, akauweka chini, akatoka kwenda benchi bila haraka, kama karani anayerudisha faili. Wiki ya pili hali ile ile. Na simu za Ijumaa, ambazo zamani zilimaliza chaji, zikawa fupi: salama, alhamdulillahi, masomo mengi, wasalimie. Jirani akaniuliza mtoto aliamuaje lile jambo la kurushiwa. Nikamwambia tumeona aache, kwa ajili ya kimo. Alichukua kigoda chake akaingia ndani, na mchezo haujaisha.

Wiki ya tatu dada yangu alikataa udhuru. Alisema hata kama fundi wa bomba anakuja, mwambie aje naye ale. Ikabidi nitoe gari, safi kama la arusi, nikaenda. Baada ya kula tukakaa majlisi, sebule ya wageni, na dada akaja na birika la kahwa. Kwetu mwenye kumimina hamalizi mpaka wewe uitikise finjani. Ukiinyoosha bila kuitikisa, anamimina tena, na tena. Mimi nilikunywa moja nikaitikisa, kama kawaida yangu, huku natazama saa.

"Hujakaa umeshatikisa," dada yangu alisema, na hakuwa anatania. "Siku zote wewe. Tunataka kukumiminia, mkono wako huo unatukataza."

Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa bado juu, na finjani ndani yake.

Sijui nilitoa udhuru gani nikaondoka. Njiani nilisimama kwenye kituo cha mafuta, nikaegesha kando, mbali na pampu, maana saa kumi na moja ilikuwa imekaribia na sikutaka kungoja kupigiwa. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa akinipigia. Nikapiga mimi.

"Mjomba? Kuna nini? Mama mzima?"

"Mama mzima. Nilikudanganya."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu ufupi. Nimeutazama huo mchezo wiki nzima, nimejaza daftari. Unaweza. Si pembeni, katikati, mipira ya kifuani. Ujifunze kuchomoka kwenye mikono yao."

"Sasa kwa nini ulisema vile?"

Gari moja lilipita na muziki mkubwa, likanipa muda. Lilipokwisha kupita muda nao ukaisha. "Nilitaka uje kiangazi," nikamwambia.

Akasema yeye ameshamwambia kocha hapana. Nikamwambia arudi kwake leo, amwambie ndiyo, na kama kocha amekwishampa mwingine, amsumbue. Akasema atajaribu, lakini hajui. Halafu, kwa sauti ndogo, ile ya mtoto aliyekuwa akitundika medali kwenye kitasa, akauliza:

"Na godoro?"

"Godoro halina miguu. Litangoja."

Kocha alimwacha akisubiri mpaka msimu ukaisha, ndipo akamwambia abaki chuoni kwa mazoezi. Kiangazi hakuja. Ile miezi ya joto ambayo hata kuta za Maskati huchoka, mimi niliikaa ndani na kiyoyozi, na simu zikawa za nadra, maana mazoezi yao ni asubuhi, tena Ijumaa hasa. Hunitumia ujumbe: leo nimeangusha sita. Leo tatu. Leo mrushaji ameniita kwa jina langu. Nasoma nikiwa nimesimama, kwa nini sijui.

Mwaka huu msimu ulipoanza, Jumamosi ya kwanza nilifungua mlango mapema nikaigeuza kompyuta nje. Jirani akaleta kigoda. Mpwa wangu aliingia ndani ya uwanja, katikati ya yale majitu, akaonekana kama mtoto aliyepotea kwenye mazishi ya watu warefu. Mpira wa kwanza aliorushiwa ulimpiga mikononi ukaanguka. Nikafumba macho. Wa pili hakurushiwa, ingawa alikuwa peke yake; mrushaji alimtazama, akamrushia mwingine. Wa tatu alikimbia hatua zake, akageuka, na mpira ukawa umeshafika. Akaenda nao mita chache, akaangushwa chini na watu wawili, kila mmoja ukubwa wa kabati. Akasimama. Siku ile alidaka minne kwa jumla, mifupi yote, hapana hata mmoja uliofika mwisho wa uwanja, na mmoja zaidi aliuangusha. Je, mfupi aliyezoea kurudisha mipira ya maadui anaweza kuwa mpokeaji? Kwa kiasi hicho, naam. Mara ya mwisho mrushaji hakuwa na nafasi ya kutazama popote, na aliurusha kwake.

Baada ya kuudaka ule hakupunga mkono, wala hakuitafuta kamera. Alirudi mbio kwa wenziwe, wakamgonga gonga kwenye kofia, nikawa simuoni tena ni yupi kati yao. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kunyanyuka. Nikausingizia ndevu nikazikuna.

Niliwaandikia ukoo kwamba amedaka minne. Dada yangu akauliza ametupungia? Nikaandika leo alikuwa na kazi. Kisha nikamwambia Ijumaa naja kula, na aweke kahwa nyingi. Nimekwenda mara tatu sasa. Mara ya kwanza sikuitikisa finjani mpaka ya tano, na moyo ulikwenda mbio kuliko mtoto mwenyewe. Lakini nikirudi nyumbani, saa kumi na moja bado ni saa kumi na moja, na simu naiweka mezani ikiwa imejaa chaji.

Siku ile ya mipira minne, mchezo ulipokwisha, jirani alikaa kidogo bila kunyanyuka, mkono umeshika kiuno kama kawaida yake. Kutoka pale koridoni, mlango ukiwa wazi, mtu huona mpaka chumba cha ndani, na ndani yake godoro limesimama ukutani, nailoni yake haijaguswa, vumbi limeanza kuikaa. Alilitazama muda mrefu. Nilidhani atasema neno juu ya mtoto, labda la kunipongeza, maana ni yeye aliyerusha ile taulo. Akakunja kigoda chake, akakitia kwapani.

"Mzee, mtoto haji," akasema. "Hilo godoro nipe mimi, mgongo unaniuma."